Kuwa daktari wa kansa: miaka isiyopungua 9 baada ya fomu siksi

Wadau, mdogo wangu yuko fomu foo, anasema lazima awe daktari wa kansa. Nimeona badala ya kumwambia yeye peke yake niweke hapa.

Kwanza kombi. Kwa hapa Bongo ni PCB, ukienda HKL sahau. Kuomba udaktari chuo kikuu unatakiwa uwe na angalau D ya Fizikia, Kemia na Baiolojia fomu siksi. Hiyo ni ya kuombea tu, ushindani wa kuingia MUHAS si mchezo.

MD ni miaka 5, halafu mwaka 1 wa intanshipu hospitalini. Hapo wewe ni daktari tayari, ila wa kila kitu: malaria, uzazi, ajali za bodaboda. Kansa bado! Unarudi darasani kusoma MMed ya onkolojia, isiyopungua miaka 3, na wanafunzi wa MUHAS hufanyia mazoezi Ocean Road, yale majengo ya Mjerumani pale karibu na bahari. Daktari wetu wa kansa anatibu kwa dawa na kwa mionzi pia, kwa hiyo ile Fizikia mnayoikimbia mtakutana nayo tena.

Hela ndiyo kasheshe. MD unaweza kuomba Bodi ya Mikopo. MMed tafuta ufadhili mapema, Wizara ya Afya husomesha baadhi ya madaktari.

Fomu siksi imegoma? Kuna diploma ya utabibu, miaka 3 baada ya fomu foo. Ukitoka na GPA nzuri unaruhusiwa kuomba MD. Ni kuzunguka, lakini mlango upo.