Tairi Mgongoni, Kutoka Grogan Hadi Kangemi

Nilipoanza kuuza vipuri Grogan, Nairobi, tairi la lori lilitoka dukani kwa mkokoteni, au juu ya keria ya matatu, na makanga akalitoza nauli kama abiria. Barabara yenyewe ni Kirinyaga Road. Jina la Ewart Grogan, yule mlowezi aliyejulikana kwa safari yake ya miguu kutoka Cape hadi Cairo, liliondolewa kwenye kibao lakini mafundi hawakuliacha.

Baiskeli ndiyo iliyotangulia pikipiki. Mpakani Busia vijana walivusha watu na magunia kwa baiskeli kabla Nairobi haijamjua bodaboda. Kisha mwaka 2008 serikali ikaondoa VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250, zikafurika. Mteja wa Kangemi akaacha kungoja mkokoteni.

Kufunga mzigo ni ufundi, nami nimewatazama bodaboda sana. Kamba bora ni tyubu kuukuu iliyokatwa vipande virefu: huvutwa mpaka ilie, hupitishwa chini ya keria, hurudishwa juu. Tairi dogo hulazwa. Kubwa husimamishwa, na mwenyewe huambiwa apande matatu. Sofa nayo hupanda Waiyaki Way kwa miguu juu, upepo wa Westlands ukiijaza kama tanga. Nisichokivumilia ni mlango wa chuma uliofungwa kimkingamo. Unampiga mtu anayetembea kando, asiye na habari.

Kwa hiyo ukinunua tairi, lilipie safari yake peke yake. Usikubali kukaa juu yake.