Klabu ya Waliofungiwa Mlango

Urubani haufundishwi kwa vitabu peke yake. Mwanafunzi anahitaji ndege, mwalimu na uwanja, navyo vyote ni ghali. Ndiyo maana tangu zamani wapenzi wa ndege wamejiunga katika vilabu ili wachangie gharama. Lakini katika Marekani ya miaka ya 1920, mtu mweusi alirudishwa mlangoni hata akiwa na ada mkononi. Bessie Coleman alilazimika kuvuka bahari hadi Ufaransa, akapata leseni yake huko mwaka 1921.

Mjini Chicago walikuwapo mafundi wawili wa magari, Cornelius Coffey na John C. Robinson. Waliomba nafasi katika chuo cha ndege cha Curtiss-Wright, wakakubaliwa kwa barua. Walipofika na rangi yao ikaonekana, wakakataliwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: Robinson alifanya kazi ya kufagia chuoni hapo, akawa anasikiliza masomo huku ameshika ufagio. Tajiri wao alipotishia kukishitaki chuo, ndipo wakapokelewa. Walihitimu mwaka 1931.

Kinachonigusa zaidi ni walichokifanya baadaye. Walirudi katika chuo kilekile kufundisha wanafunzi weusi, na pamoja na wenzao wakaunda klabu, Challenger Air Pilots' Association. Viwanja vilipowakataa, walijitengenezea chao huko Robbins, mji mdogo wa watu weusi kusini mwa Chicago. Mwaka 1933 dhoruba ikaliangusha banda lao pamoja na ndege. Hawakukata tamaa, walihamia uwanja mwingine, wakaendelea kufundisha.

Matunda yake yalifika hata Afrika. Mwaka 1935 Robinson alikwenda Ethiopia, akaongoza kikosi kidogo cha ndege cha Mfalme Haile Selassie wakati Waitalia walipoivamia nchi hiyo. Mwaka 1944 alirudi huko kufundisha marubani, na mwaka 1954 alifariki Addis Ababa kutokana na ajali ya ndege. Coffey naye, akishirikiana na Willa Brown, alianzisha shule ya urubani Chicago. Baadhi ya wanafunzi wao walikuwa miongoni mwa marubani wa Tuskegee katika Vita Kuu ya Pili.

Sisi walimu tumezoea kuhesabu vyeti. Watu hawa walipata vyeti vyao kwa taabu, kisha wakageuka nyuma kuwatazama waliobaki nje. Huo nao ni mtihani, na wengi waliosoma hushindwa hapo.