MGENI NA MWENYEJI KATIKA MJI WA MASAKU



Mwaka huu halmashauri imeletewa shauri zito: je, mtu aliyetoka wilaya nyingine, akapanga chumba hapa Machakos na kuishi nasi miaka mingi, aweza kuandikwa katika kitabu cha chama chetu? Wako wasemao kwamba akifa, na azikwe na watu wa kwao. Kabla mkutano haujaamua, tumeona yafaa kukumbusha jinsi sisi wenyewe tulivyopokelewa mijini.

Mji huu wachukua jina la Masaku, mtabiri wetu. Wageni walilitamka walivyoweza, nasi tukalizoea. Bwana John Ainsworth alifika mwaka 1892 kukisimamia kituo cha Kampuni, na hapa ndipo yalipokuwa makao ya Jimbo la Ukamba hata mwaka 1899, reli ilipopita mbali nasi na makao yakahamishiwa Nairobi. Vijana wakaifuata kazi huko.

Walikuta mji uliotaka mikono yao, usiotaka jamaa zao. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza iliwapasa wanaume wa Kiafrika kuchukua kipande, nao wakakitundika shingoni ndani ya kikopo cha bati. Malazi yalipimwa kwa kitanda cha mtu mmoja, na mshahara kwa tumbo la mseja. Mke na watoto walidhaniwa kushibishwa na shamba. Ndipo mwaka 1954 kamati ya serikali iliyoongozwa na Bwana Carpenter ilipokiri kwamba mshahara wa namna hiyo haumtoshi mtu mwenye jamaa. Si ajabu kwamba mzee aliyekaa Nairobi miaka 30, akiulizwa nyumbani kwake, hutaja Kangundo.

Jambo moja la mwaka 1938 lastahili kukumbukwa hapa. Serikali ilikuwa ikiwachukua ng'ombe wetu kwa nguvu na kuwauza kwa bei duni. Muindi Mbingu akawaongoza watu kwa maelfu, wake kwa waume pamoja na watoto, wakaenda Nairobi kutaka kuonana na Gavana, wakakaa huko majuma kadhaa. Mke wa mfanyakazi, asiyehesabiwa katika chumba cha mumewe, alikaa mjini hadharani akidai kusikilizwa. Muindi Mbingu alihamishiwa Lamu, lakini uchukuaji wa ng'ombe ulikomeshwa. Leo barabara ya Nairobi yaitwa kwa jina lake, na kituo kikubwa cha mabasi cha mji huo chaitwa Machakos.

Katika mji wa namna ile, aliyefiwa alikimbilia watu wa kwao, maana hakuwa na pengine. Wazee walichanga senti za sanda na za kusafirisha maiti. Hatuwalaumu kwa kuandika watu wa kabila moja tu. Walijifungia ndani kwa kuwa mji uliwafungia nje.

Lakini Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 43, yampa kila mtu haki ya makao yanayofaa, wala haiulizi alizaliwa wapi. Tena baadhi yetu ndio wenye vyumba sasa. Kodi ya mpangaji huyo twaipokea kila mwezi. Mtoto wake akifariki, twamwonyesha njia ya stendi.

Halmashauri yapendekeza aandikwe, alipe kiingilio sawasawa na sisi, na apewe haki ya kusema mkutanoni. Wazee watatu wamepinga, nao watapewa nafasi ya kwanza kusema siku ya mkutano mkuu.