Mstari Mmoja kati ya 1,024

Babu aliyenilea Itigi ni baba yake mama, Mkimbu, mtu wa mizinga na asali. Baba yangu sikumjua. Nasikia alikuja na ng'ombe, akaondoka nao. Kila wakulima na wafugaji wanapogombea malisho, hakosi mtu wa kunikumbusha: "Wewe ni wa kuja."

Nikiwa masomoni kwa shahada ya uzamili nilisoma utafiti wa Brenna Henn na wenzake, uliochapishwa mwaka 2008. Walifuata kromosomu Y, ambayo baba humrithisha mwanawe wa kiume karibu vilevile ilivyo. Mara chache hutokea kosa dogo la kunakili, nalo hubaki kwa wana na wajukuu wa kiume kama chapa ya ng'ombe. Chapa moja, M293, ilionekana kwa Wadatooga, ambao Singida tunawaita Wataturu, na kwa Wasandawe, majirani zetu wa Dodoma. Ilionekana pia kusini mwa Afrika, kwa Wakhwe. Watafiti hao walihitimisha kwamba takriban miaka 2,000 iliyopita wafugaji walihama kutoka upande wetu huu hadi kusini.

Shina la chapa hiyo, M35, lina matawi mengine Afrika Kaskazini, Mashariki ya Kati, hata Ugiriki na nchi za Balkani. Wala safari hazikuwa za kwenda tu. Vinasaba vya mtu aliyezikwa Luxmanda, mkoani Manyara, yapata miaka 3,100 iliyopita, vinaonyesha kuwa zaidi ya theluthi moja ya asili yake inahusiana na wakulima wa kale wa Mashariki ya Kati.

Basi nani si wa kuja? Babu mwenyewe husimulia kwamba watemi wa zamani walitoka mashariki. Sote tumefika, tunachotofautiana ni tarehe.

Kwa muda nilitamani kupimwa, nijue angalau chapa ya baba. Kisha nikapiga hesabu. Ukirudi vizazi kumi, una nafasi 1,024 za mababu na mabibi, na kromosomu Y inafuata mmoja tu kati yao. Kwangu ingemfuata aliyeondoka. Ya Babu iliwafikia wajomba zangu. Mimi haikunifikia hata chembe. Kipimo hicho kingenieleza habari za maelfu ya miaka, kisha kikanyamaza kuhusu mzee aliyeuza asali ili nisome.

Likizo iliyopita nilimweleza Babu haya yote. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama hao Wakhwe nao wanafuga nyuki. Nikamjibu sijui.

"Uliza," akasema. "Ng'ombe tumeshawasikia."

Asubuhi tukaingia porini, yeye mbele, mimi nyuma nimebeba kamba. Akanionyesha mti ambao mzinga wake sasa ni wangu.