Huzuni ya mama mzazi: kutoka Kasangati mpaka simu ya mkononi

Juma hili tunazungumzia ugonjwa usioonyesha kidonda. Mama amezaa, mtoto ni mzima, lakini mama hapati usingizi hata mtoto akilala. Chakula hakimpendezi. Analia ovyo, au anamtazama mtoto kama ni wa mtu mwingine. Kwetu watu husema upesi: amelogwa, au ni mvivu. Waganga wa hospitali wanauita depresio, yaani huzuni nzito, na unatibika. Siku hizi nchi jirani zinatumia hata simu kuutibu. Lakini historia hii haikuanza na simu, na sehemu yake kubwa ilitokea ng'ambo tu ya Ziwa Albert.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, daktari Mwingereza John Cox alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Makerere. Alichunguza wanawake wajawazito 263 wa Kasangati, nje kidogo ya Kampala. Wakati ule wazungu wengi walidhani kwamba mama wa Afrika, kwa kuwa ana ndugu wengi kando yake, hawezi kupata huzuni hii. Cox alikuta inampata. Alikuta pia kwamba Wabaganda walikuwa na jina la zamani la ugonjwa wa akili unaompata mama aliyezaa: amakiro. Wengi waliamini unaletwa na uzinzi wakati wa mimba. Sasa mama anaumwa, na juu yake anaitwa mzinzi. Nani angejitokeza kusema yanayomsumbua?

Baadaye Cox alienda Scotland, akaendelea na kazi hiyo kwa akina mama wa huko. Mwaka 1987, pamoja na Jenifer Holden na Ruth Sagovsky, alitoa maswali 10 yanayojulikana kwa jina la mji wa Edinburgh. Mama anaulizwa juu ya siku saba zilizopita: kama bado anaweza kucheka, kama anaogopa bila sababu, kama huzuni inamnyima usingizi. Swali la kumi ndilo zito kuliko yote: kama amewaza kujidhuru. Maswali hayo hayahitaji mashine wala maabara. Leo yanatumika pande nyingi za dunia, na mimi nafurahi kwamba mzizi wake mmoja uko Kasangati.

Kujua mgonjwa ni kazi moja, kumtibu ni nyingine, maana madaktari wa akili ni wachache mno. Uganda tena ilionyesha njia. Mwaka 2002, Paul Bolton na wenzake walienda katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai. Watu wa huko huko, wanaosema Kiganda, walifundishwa kwa majuma mawili tu, kisha wakaongoza makundi ya mazungumzo, wanawake peke yao na wanaume peke yao, mara moja kwa juma kwa majuma 16. Mwanzoni 86 kwa mia ya wale wa makundi walikuwa na depresio. Mwishoni walibaki chini ya 7 kwa mia. Wasiowekwa katika makundi walibaki zaidi ya 54 kwa mia. Pakistan nayo, mwaka 2008, Atif Rahman alionyesha kwamba wahudumu wa afya wa vijijini, kama RECO wetu, wanaweza kuwatibu akina mama kwa kuwatembelea nyumbani.

Simu ikaja juu ya msingi huo. Mwaka 2020, korona ilipozuia watu kukusanyika, shirika la StrongMinds la Uganda lilihamisha makundi yake kwenye simu. Kenya, huko Kiambu, watafiti walijaribu mashine ya kujibu ujumbe wa maandishi, wakaipa jina la Zuri. Mama anaandika, mashine inamjibu. Pakistan walienda njia nyingine: mafunzo yaliwekwa katika programu yenye sauti na hadithi, na mama mwenzake anakaa kando yake wakisikiliza pamoja.

Kwetu Kilo ningechagua hiyo ya Pakistan. Mashine ya maandishi inataka mama ajue kusoma na awe na simu yake mwenyewe. Hapa simu mara nyingi ni ya baba, na mesaji ya siri husomwa na nyumba nzima. Mama aliyelala porini akikimbia, tangu vita vilipoanza upya Djugu mwezi wa 12 mwaka 2017, hawezi kuandika yaliyompata katika mistari miwili, tena kwa lugha isiyo Kinyali wala Kilendu. Lakini sauti anaisikia. Na pale barabara inapofungwa kwa sababu ya risasi, RECO mwenye unite chache anaweza kumpigia mama simu badala ya kukaa bila habari zake. Kinachohitajika ni RECO huyo afundishwe, na ajue afanye nini mara moja mama akijibu ndiyo kwa lile swali la kumi.

Kama wewe au jirani yako ana dalili hizi kwa majuma mawili, mwende kwenye kituo cha afya, mueleze waziwazi. Akisema anataka kujiua au kumdhuru mtoto, msingoje hata siku moja, na msimwache peke yake njiani.