Neno la Mieleka katika Kiingereza



Siku moja nalikuwa nikisomesha imla ya Kiingereza. Nikatamka neno “wrestle”, yaani kupigana mieleka, na kijana mmoja akaliandika bila herufi W. Nikampunguzia alama. Akainua mkono, akaniuliza kwa adabu, “Mwalimu, herufi isiyotamkwa yaandikwa kwa kazi gani?” Nikamjibu, “Wewe ikariri tu.” Swali lake lilikuwa la haki, na jibu langu halikuwa jibu. Jioni hii nataka kulipa deni lile.

Neno hili ni la Kiingereza cha kale, kilichosemwa kabla Wanormandi hawajaiteka Uingereza mwaka 1066. Zamani hizo waliandika “wræstlian”, na asili yake ni “wræstan”, maana yake kupotoa kwa nguvu. Herufi L iliongezwa ili kuonyesha tendo lirudiwalo tena na tena. Sisi nasi twafanya vivyo hivyo kwa njia yetu: kutoka potoa twapata popotoa. Basi mpigana mieleka, kwa asili ya neno la Kiingereza, ndiye ampopotoaye mwenziwe mpaka amwangushe.

Mchezo wenyewe ulipendwa sana. Mshairi Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, alimweleza msaga unga mmoja mwenye nguvu, ambaye kila alipokwenda kupigana mieleka alishinda zawadi ya kondoo dume. Huko Cumberland, kaskazini ya Uingereza, wapiganaji hukumbatiana mikono ikiwa imefungana mgongoni. Na huko Cornwall, kusini-magharibi, hushikana koti nene la turubai. Kote kuwili kazi ni ile ile, kumpindua mtu.

Na herufi W je? Hapo kale ilitamkwa. William Caxton alipoweka mtambo wake wa chapa Westminster mwaka 1476, watu walikuwa bado wakiitamka, na wachapaji wakaizoeza macho ya wasomaji. Katika karne ya 17 ndimi za Waingereza wengi ziliiacha, lakini kalamu haikuiacha.

Tena haikubaki kwa hasara. Yatazameni maneno yaanzayo kwa WR: “wring” ni kukamua nguo kwa kuisokota, “wrist” ni kifundo cha mkono, mahali mkono ugeukapo, “wreath” ni shada lililosukwa. Yote ni ya ukoo mmoja wa kupinda na kusokota. Hata “wrong”, yaani kosa, ambalo Waingereza walilipata kwa watu wa Skandinavia, kwanza lilikuwa na maana ya kitu kilichopindika. Nasi twamwita mtu mwovu mpotovu, kwa neno litokalo katika potoa. Mataifa mawili yaliyo mbali, wala hayakuulizana, yaliona kwamba uovu ni kupindika kwa kilichokuwa kimenyoka.

Basi kijana yule angalikuwa mbele yangu leo, alama nisingalimrudishia, kwa maana herufi W ni lazima iandikwe. Lakini ningalimwambia kwamba herufi ile ndiyo imtambulishayo ukoo wa neno. Walimu wenzangu, mtoto akiuliza sababu, tusimwambie akariri tu. Na tusipoijua, twende tukaitafute.

Kwaherini.