Unasaji wa nitrojeni wa maharage katika udongo wenye tindikali

Unasaji wa nitrojeni wa maharage ni mchakato ambao bakteria waitwao rizobia, wakiishi ndani ya vinundu vya mizizi ya *Phaseolus vulgaris*, hugeuza nitrojeni ya hewani kuwa amonia inayotumiwa na mmea. Udongo unaposhuka chini ya pH 5.5, alumini huyeyuka na kudumaza mizizi, fosforasi hufungwa, molibdeni huadimika na vinundu hupungua; mara nyingi rizobia huathirika kabla ya mmea wenyewe. Tiba ya msingi ni chokaa, inayopandisha pH na kuongeza kalsiamu. Mawe ya fosfeti ya Minjingu, kaskazini mwa Tanzania, hufaa hasa katika udongo huu, kwa kuwa tindikali ndiyo inayoyayeyusha. Mbegu huweza pia kupakwa *Rhizobium tropici*, spishi inayostahimili tindikali, ambayo nasaba yake mashuhuri, CIAT 899, ilipatikana Kolombia.